Monita Inapolia Saa Tisa Usiku: Kutafuta Kosa Kabla ya Kumwamsha Daktari

Mwaka wangu wa kwanza ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, hapa hapa Kigoma, nilikimbia na toroli ya dharura hadi kitanda cha tatu kwa sababu mstari kwenye monita ulikuwa umelala kama uzi uliovutwa. Bibi aliyekuwa kitandani alifungua jicho moja akaniuliza, "Kumekucha?" Moyo wake haukuwa na neno. Binti yake alikuwa amemfuta mwili jioni, akampaka mafuta ya mise kifuani na mabegani kama alivyozoea nyumbani Ujiji, na elektrodi mbili, zile stika zinazonasa umeme wa moyo, zikateleza zikaangukia kwenye shuka.

Tangu usiku ule nahesabu mashahidi. Shahidi wa kwanza ni wimbi la ECG, linalosoma umeme wa moyo juu ya ngozi. Wa pili ni wimbi la oksijeni kutoka kidoleni, ambalo halijui habari za umeme, linajua tu kama damu inafika. Wa tatu ni vidole vyako kwenye mshipa wa mgonjwa. Wakisema jambo moja wote watatu, amini na ufanye kazi. Wakipishana, kuna anayedanganya, nawe umtafute. Hapa chini nimefuata dalili kama zinavyoonekana kwenye kioo, nikianza na zile zinazotukimbiza zaidi.

Mstari umelala kabisa

Usiiguse mashine kwanza. Mwite mgonjwa kwa sauti, mtikise bega, tafuta mapigo shingoni kwa sekunde zisizozidi 10. Kama haitiki, hapumui sawasawa na mapigo huyapati, ita msaada na anza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mambo ya waya yatasubiri.

Kama anaitika, au mapigo yapo, kosa liko kati ya ngozi na mashine. Monita nyingi huandika kwamba waya umeachia, na nyingine huchora vidoti badala ya mstari. Angalia na wimbi la kidoleni: likiendelea kupanda na kushuka kwa mpangilio, damu inasukumwa, kwa hiyo moyo haujasimama. Mstari ulionyooka kama rula nao utiliwe shaka. Moyo uliosimama kweli mara nyingi huacha mstari unaoyumba kidogo kidogo.

Lakini kuna mtego. VF dhaifu, yaani moyo unaotetemeka bila kusukuma, inaweza kuonekana kama mstari uliolala ikiwa ukubwa wa wimbi umepunguzwa. Mgonjwa akiwa hana mapigo, mwenzako mmoja aongeze ukubwa wa wimbi na abadilishe lidi (upande ambao monita inautazamia moyo) wakati wewe unaendelea kukandamiza. VF inahitaji mshtuko wa umeme, mstari uliolala hauhitaji. Na kwenye pedeli za difibrileta, mashine ya kutoa mshtuko huo, usipake jeli ya ultrasaundi hata kama ndiyo iliyo karibu. Haikutengenezwa kupitisha umeme wa namna ile, na ngozi inaweza kuungua.

Kinyume chake ndicho kinachonitisha zaidi: ECG nzuri, QRS (zile ncha ndefu za kila pigo) zimepangwa kama wanafunzi mstarini, namba inasoma 80, kengele kimya, na mgonjwa ameshakata mapigo. Umeme wa moyo upo, pampu haipo. Shahidi wa kwanza hapo hasemi uongo, ila ameulizwa swali dogo. Ukiona wimbi la kidoleni limefifia ghafla huku ECG ikipendeza, usiseme "kidole kimebaridi" kabla hujashika shingo.

Elektrodi hazikai, au ujumbe wa waya unarudi kila nusu saa

Fuata njia ile ile kila mara: ngozi, elektrodi, kibanio cha waya, kebo, ndipo mashine. Wengi tunaanza mwisho. Tunazima na kuwasha mashine, tunampigia fundi wa vifaa tiba, naye anakuja kukuta jeli imekauka.

Ngozi yenye mise au mawese haishiki gundi. Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha sugua kwa gozi kavu hadi ngozi ichangamke kidogo bila kuchubuka. Spiriti huondoa mafuta, ila huikausha ngozi na kufanya umeme upite kwa shida, hivyo ukiitumia iache ikauke kabisa na bado usugue kwa gozi. Nywele za kifuani zikatwe. Ukibandika, bonyeza kingo za elektrodi, si katikati, maana ukibonyeza katikati jeli hukimbilia pembeni na gundi huachia.

Ndugu wa mgonjwa usimkaripie kwa ajili ya mafuta. Mwambie tu, "Mama, mpake miguu na mikono, kifua tuachie sisi." Anaelewa, na kesho yake ndiye atakayekuwa mlinzi wako.

Jeli yenyewe ni ugonjwa wa joto letu la ziwani. Pakiti iliyofunguliwa asubuhi ikaachwa wazi dirishani, jioni elektrodi zake ni stika tu. Kunja mdomo wa pakiti, bana kwa plasta, andika tarehe uliyofungua. Kabla ya kubandika gusa jeli kwa ncha ya kidole: iwe na unyevu. Badilisha kila saa 24, au mapema mgonjwa akiwa anatoka jasho. Najua stoo huisha. Hata hivyo elektrodi iliyobanduliwa na kubandikwa mara ya tatu ni mama wa nusu ya kengele za uongo, na hizo kengele zinakula muda wako kuliko elektrodi mpya inavyokula bajeti.

Mawimbi yamegeuka kichwa chini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wodi zetu zina mashine kutoka pande zote za dunia, nyingine za msaada, na rangi za nyaya hazikubaliani.

Kuna mifumo miwili. Wa kwanza, unaotumika Ulaya na sehemu nyingi: mwekundu mkono wa kulia, wa njano mkono wa kushoto, wa kijani mguu wa kushoto, mweusi mguu wa kulia, mweupe kifuani. Ukianzia bega la kulia la mgonjwa unapata taa za barabarani: nyekundu, njano, kijani. Mfumo wa pili ni wa Marekani: mweupe mkono wa kulia, mweusi mkono wa kushoto, mwekundu mguu wa kushoto, wa kijani mguu wa kulia, wa kahawia kifuani.

Tazama balaa lilipo. Mwekundu upo kwenye mifumo yote miwili, lakini mmoja unaupeleka bega la kulia na mwingine mbavu za chini kushoto. Niliwahi kupokea zamu na kumkuta mgonjwa mwenye kebo ya Kimarekani ya nyaya tatu: mwekundu umebandikwa bega la kulia "kama kawaida", mweupe bega la kushoto, mweusi chini. Lidi ya pili ilikuwa imepinduka, QRS zote zinatazama sakafu, na kwenye faili mtu alikuwa ameshaandika kwamba moyo umebadilika ghafla. Kilichobadilika ni kebo. Ile ya zamani ilikatika mchana, wakaleta nyingine.

Kwa hiyo usisome rangi, soma herufi zilizo kwenye kibanio. R, L, F, N na C ni mfumo wa kwanza, na F ni ya mguu wa kushoto. RA, LA, LL, RL na V ni wa Marekani. Sisi tulichora kifua kwenye karatasi, tukaandika herufi za mifumo yote miwili, tukabandika ubavuni mwa kila monita kwa plasta ya uwazi. Muuguzi mgeni hahitaji kukariri kitu.

Nyaya zikiwa sahihi na wimbi bado limegeuka, hapo andaa ECG ya lidi 12 na mwite daktari.

Mstari mnene wenye manyoya

Mstari wa msingi umejaa vijino vidogo vilivyo sawasawa, kama msumeno wa chuma. Huo ni umeme wa ukutani umejipenyeza. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, na monita ina kichujio cha kuuondoa. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa bado imewekwa kwenye 60, kwa sababu kwao umeme uko hivyo, na kichujio cha 60 hakikamati 50. Ingia kwenye mipangilio ya ECG ubadilishe. Dakika mbili, na mashine iliyokuwa inaitwa mbovu inapona.

Kama kichujio kiko sawa, rudi kwenye ngozi, kwa sababu elektrodi kavu hufanya kazi ya antena. Kisha chomoa kimoja kimoja vilivyo karibu: chaja ya simu iliyochomekwa kwenye ekstensheni ya kitanda (mara nyingi ni ya kwetu wenyewe, si ya ndugu), pampu ya dawa, feni. Tenganisha kebo ya ECG na waya wa umeme, zisilale pamoja. Ikiendelea, jaribu soketi nyingine, maana soketi isiyo na waya wa ardhi unaofanya kazi ni hatari hata bila vijino, na hilo liandikie fundi umeme siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja: vichujio hulainisha na pia hupotosha. Usiseme ST, kile kipande cha mstari kinachofuata QRS, imepanda au imeshuka kwa kutazama wimbi la monita lililochujwa sana. Chukua ECG ya lidi 12.

Mstari unapanda na kushuka kama mtumbwi

Ni pumzi, au elektrodi iliyolegea, au jasho. Hamisha elektrodi za chini kutoka tumboni zikae kwenye mbavu, na za juu zikae chini ya mtulinga, mfupa wa mbele wa bega, mbali na msuli. Basi.

VT ambayo si VT

Kijana wa Uvinza, malaria kali, anatetemeka kwa baridi hadi kitanda kinagonga ukuta. Monita inapiga kengele nyekundu ya VT, yaani mapigo ya kasi ya hatari yanayoanzia vyumba vya chini vya moyo: mawimbi mapana yanakimbia, namba inasema 210. Yeye ananitazama na kuomba blanketi la pili.

Mtetemo wa misuli, kupiga mswaki, kujikuna, tiba ya kugonga mgongo, vyote vinaweza kuchora VT. Waulize mashahidi. Wimbi la kidoleni lake lilikuwa linatembea kwa 118, na mkono wangu nao ulihesabu hivyo hivyo. Kisha chapisha kipande cha karatasi ukikague bila haraka: ndani ya vurugu mara nyingi utaona ncha za QRS za kawaida zikipita kwa umbali ule ule zilivyokuwa zikipita kabla ya vurugu kuanza. Shikilia mkono unaotetemeka kwa upole, mfunike, uone kama "VT" inakwisha.

Ila nisieleweke vibaya. Mtu anaweza kuwa na VT ya kweli akiwa macho na anaongea. Kuongea peke yake si ushahidi wa kutosha. Kama presha imeshuka, anatoka jasho la baridi, kifua kinabana, au wimbi la kidoleni nalo limevurugika, ichukulie ni ya kweli, lete difibrileta karibu na mwite daktari. Hata ikiwa ni uongo, tunza ile karatasi kwenye faili na uandike "mtetemo", vinginevyo kesho mtu ataanzisha dawa ya moyo kwa mgonjwa wa malaria.

Monita inahesabu mara mbili

Namba inasema 144, mkono unahesabu 72. Ukiona nusu kamili hivi, mashine inahesabu QRS na wimbi la T linaloifuata pamoja. Badilisha lidi hadi T iwe ndogo kuliko QRS.

Kisha jiulize kwa nini T imekuwa ndefu kiasi hicho. T iliyochongoka kama mkuki, yenye kitako chembamba, kwa mgonjwa wa figo au aliyeacha kukojoa, ni potasiamu iliyopanda hadi ithibitike vinginevyo. Ikiwa na wimbi la P, lile dogo linalotangulia QRS, limelala na QRS inaanza kutanuka, muda ni mfupi: ECG ya lidi 12, damu kwa potasiamu, daktari aitwe sasa, kalishiamu glukoneti iwe mkononi. Hapa namba ilikuwa ya uongo lakini wimbi lilikuwa linasema kweli. Ndiyo maana simpendi muuguzi anayetatua kengele kwa kupandisha kikomo chake hadi 160 kisha anarudi kukaa.

Namba mbili za mapigo zinagombana

ECG inasoma 140, kidole kinasoma 96, na mkono unahisi mapigo yasiyo na mpangilio, mengine mazito, mengine hayafiki kabisa. Usitafute waya. Hiyo mara nyingi ni AF, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka bila mpangilio: moyo unapiga mapigo ambayo hayajajaza damu ya kutosha kufika kwenye mkono. Kwetu tunaiona kwa vijana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, wengine wakiwa kwenye mpango wa kwenda Hospitali ya Bugando au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sikiliza moyo kwa stethoskopu dakika nzima huku mwenzako akihesabu mkononi, na muandike namba zote mbili. Presha ya mashine kwa mgonjwa huyu huyumba, kwa hiyo pima mara tatu au tumia ya mkono.

Mawimbi madogo mno

Ongeza ukubwa, badilisha lidi, kagua elektrodi. Mgonjwa mnene au mwenye mapafu yaliyojaa hewa huwa hivyo kwa kawaida. Lakini wimbi lililokuwa kubwa juzi na linazidi kupungua leo, kwa mgonjwa wa kifua kikuu au VVU anayetweta, mishipa ya shingo imetuna na presha inashuka, linaweza kuwa maji kwenye mfuko wa moyo. QRS moja kubwa, inayofuata ndogo, tena kubwa, inaongeza uzito. Omba ultrasaundi ya moyo.

Oksijeni: isiyosoma, na inayosoma vizuri kupita kiasi

Isiyosoma ni rahisi. Kidole cha baridi, rangi ya kucha, piko nyeusi ya harusini, mkanda wa presha ulio mkono ule ule, jua la dirishani likipiga klipu. Badilisha kidole, jaribu ndewe ya sikio, funika klipu kwa kitambaa. Kama wimbi halina umbo, namba iliyo pembeni yake usiiandike kwenye chati.

Hatari ni ile inayosoma 99. Aliyeletwa kutoka chumba kilichofungwa na jiko la mkaa likiwaka, kifaa chetu cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hewa ya mkaa. Kitakupa 98 au 100 huku ubongo unakosa hewa. Mpe oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko bila kuangalia namba. Na mtoto mwenye hemoglobini 4 anaweza kusoma 99 kwa haki kabisa: mabasi machache yaliyopo yamejaa abiria, tatizo ni kwamba mabasi yenyewe hayatoshi. Anahitaji damu.

Presha isiyoeleweka

Karibu kila mara ni mkanda. Mdogo kwa mkono husoma juu, mkubwa husoma chini. Mfuko wa ndani wa mkanda uwe na upana wa takribani asilimia 40 ya mzingo wa mkono.

Kwa wachache wenye kipimo cha presha ndani ya ateri: kihisi kikae usawa wa moyo, nafasi ya nne ya mbavu, katikati ya ubavu. Kikiteremka sentimita 10, presha inaonekana imepanda kwa karibu 7.5 mmHg bila mgonjwa kubadilika, kwa hiyo ukiinua kitanda, panga upya na uweke sifuri upya. Wimbi likiwa butu, tafuta kiputo, damu iliyoganda, mrija uliokunjika, au mfuko wa maji ulioshuka chini ya 300 mmHg.

Monita imezima yenyewe

Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, betri ndiyo inayokubeba, na betri ya monita iliyokaa kwenye chaja miaka mingi huonyesha imejaa hadi dakika unapoihitaji. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mashine tatu zilizima ndani ya dakika nne. Tulibaki na tochi za simu na mikono kwenye shingo za wagonjwa, kila mmoja akihesabu kwa sauti ili wengine wasikie.

Sasa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tunachomoa monita moja moja, isiyo na mgonjwa mahututi, na kutazama inadumu dakika ngapi. Namba inaandikwa kwenye plasta, inabandikwa juu ya kioo na tarehe. Wakati wa kukabidhiana zamu, kabla hata ya kusema jina la mgonjwa, anayetoka anawasha kengele zote zilizonyamazishwa na anamsomea anayeingia vikomo vyake: mapigo chini 50, juu 120, oksijeni 92. Monita ya kitanda cha tatu imeandikwa "dakika 11". Tumeomba betri. Wakati tunaisubiri, kitanda hicho hatumlazi mgonjwa wa moyo.